Miska na Kuku wa Harusi ya Kilburn

Miska binti Talib alifika London na wazazi wake akiwa msichana wa miaka kumi na minne, na jambo la kwanza aliloambiwa shuleni ni kwamba mtoto mwenye Kiingereza kama chake anafaa zaidi darasa la kupiga chapa. Alimsikiliza mwalimu mpaka mwisho, akasema ahsante, kisha akatoka akaenda kukaa darasa la kemia. Wakamtoa. Kesho yake akarudi palepale. Wakampigia simu baba yake, Mzee Talib, ambaye Unguja alikuwa karani wa bandari na London alikuwa akipanga barua posta. Mzee akawajibu kwa adabu zake zote kwamba mtoto ameshakaa, na kumwinua mtoto huyu akishakaa ni kazi kubwa kuliko kumwachia kiti. Mwishowe wakachoka wao.

Ukubwani hakubadilika. Hakuwa mtu wa kelele. Sauti yake ilikuwa ya chini, na wenzake kazini walizoea kumwinamia ili wamsikie. Lakini akisema hapana, hakuna aliyehitaji kuulizia mara ya pili.

Mwaka 1997 Miska alikuwa mtaalamu katika maabara moja kaskazini mwa London, kitengo cha vijidudu vya chakula. Kazi yao kubwa miaka ile ilikuwa kuku. Kuku walinunuliwa maduka ya kila upande wa jiji, Kilburn, Tooting, Thornton Heath, wakatiwa katika mifuko yenye maji maalumu na kutikiswa, na yale maji yakaoteshwa kwenye sahani za maabara mpaka yakatoka madoa ya kijivu. Hayo madoa ndiyo kampilobakta, kijidudu chembamba kilichojipinda kama kizibuo cha chupa. Kuku hakimsumbui. Mtu kikimwingia tumboni kinamlaza akiharisha mpaka damu.

Kukiona hakukuwa na tabu. Tabu ilikuwa kujua ni kipi. Vijidudu hivi vimejaa kila mahali, kwa kuku, kwa ng'ombe, kwa ndege wa angani, kwa hiyo ukikikuta kwa mgonjwa na ukakikuta kwa kuku, bado hujathibitisha kitu. Ni sawa na kusikia kwamba mwizi ni mtu mrefu, ukaenda kumkamata mrefu wa kwanza unayekutana naye njiani. Ilibidi vinasaba visomwe, na maabara ilikuwa na njia mbili za kuvisoma.

Ya kwanza walikuwa wakiiita njia ya mkia. Kijidudu kile kina mkia wa kuogelea, na maabara ilichukua jeni moja tu, ile inayotengeneza mkia, ikainakili kwa wingi, ikaikata, ikasoma michirizi yake. Ilikuwa njia ya haraka na haikuwa na makuu. Ya pili ilichukua mwili mzima. Vinasaba vyote vilikatwa kwa kimeng'enya viwe vipande vichache vikubwa, vikapitishwa ndani ya ute mgumu uliotengenezwa kwa mwani, huku umeme ukigeuzwageuzwa upande ili vipande virefu na vifupi viachane. Picha yake ilitoka kama michirizi ya bei iliyo nyuma ya pakiti ya biskuti. Ilikula siku kadhaa, na mkono ukitetemeka kidogo tu unaanza upya.

Mkuu wa kitengo alikuwa Dakta Lambert, Mwingereza mpole aliyekuwa na mtindo wa kula tufaha mpaka kokwa zake. Njia ya mkia aliipenda kama mtoto wake. Alitaka maabara zote za nchi ziitumie, na ili aweze kulisema hilo mbele ya watu, alimpa Miska kazi ya kulinganisha njia zote mbili, kijidudu kwa kijidudu. Miska akalinganisha. Kwa sehemu kubwa zilikubaliana. Makala ilikuwa karibu kwisha, imebaki kusafisha majedwali.

Ndipo ikaja harusi.

Ilikuwa mwezi wa Juni, katika ukumbi wa kukodi nyuma ya barabara kuu ya Kilburn. Bibi harusi alikuwa jirani yao, na mama yake Miska, Bi Sheikha, alikuwa kama bibi yake mzaa mama. Mpishi alikuwa Ibtisam, mwanamke wa Kipemba wa makamo ambaye hakuna shughuli ya Wazanzibari London nzima iliyopita bila sufuria zake. Alikuwa na jiko lake lenye kibali, nyuma ya duka la vitambaa, na biriani yake ya kuku watu walikuwa wakiitolea safari kutoka Portsmouth. Siku ile Miska alikula sahani mbili. Sharbati ya maziwa na lozi ilipopitishwa aliiacha, maana maziwa na tumbo lake havijapatana tangu utotoni.

Kabla hata watu hawajamaliza kuzungumza habari za harusi, Bi Sheikha alianguka chooni. Miska alimpeleka hospitali akiwa hana rangi usoni. Siku zilizofuata wakaanza wengine: shangazi wa bwana harusi, kisha vijana wawili wa Thornton Heath, kisha watu ambao Miska alikuwa hawajui hata kwa sura, wote wakishika matumbo. Hospitali ikaita halmashauri ya mtaa, na wakaguzi wa afya wakaenda moja kwa moja jikoni kwa Ibtisam. Kwenye friji wakakuta kuku wabichi wa sanduku lilelile la harusi. Wakawachukua.

Kuku wale, pamoja na choo cha wagonjwa, vikaletwa kwenye maabara ya Miska.

Asubuhi ileile Miska aliingia ofisini kwa Lambert na kubaki amesimama. Walizungumza kwa Kiingereza, kama kawaida.

"Harusi hiyo nilikuwapo," alisema. "Mpishi namjua, na mama yangu ni mmoja wa wagonjwa. Nataka ulijue hilo kabla sijagusa kitu."

Lambert alilifikiria, akaamua vizuri. Sampuli zote akampa Serah, Mkenya aliyekuwa akikaa meza ya jirani na Miska. Serah akaziondolea majina na kuzipa namba, namba zikakaa naye, na Miska akafanya kazi yake bila kujua ipi ni ya kuku na ipi ni ya mtu.

Njia ya mkia ilikuwa ya kwanza kutoa majibu, na majibu yalikuwa mepesi. Wagonjwa wote na kuku wote walikuwa na mkia wa aina moja. Lambert aliwapigia simu halmashauri siku hiyohiyo, kisha akawaandikia na kutia sahihi. Jioni yake Miska alipopita nyuma ya duka la vitambaa alikuta mlango wa Ibtisam umebandikwa karatasi ya amri, na Ibtisam mwenyewe yuko nje na mtandio wake, anaisoma kama vile imeandikwa kwa lugha asiyoijua.

"Miska mdogo wangu," alisema, "hivi mie nawapa watu sumu?"

"Kazi haijesha, Da Ibtisam. Siwezi kusema zaidi ya hapo."

"Wao wameshasema."

Maneno yakaenea kama yanavyoenea. Harusi mbili zilizokuwa zimewekwa kwa Ibtisam zikahamishiwa kwa mpishi mwingine. Msikitini watu wakamsalimu mumewe kwa mbali. Halmashauri ikatangaza kwamba itamfikisha mahakamani.

Siku hizo zote Miska alikuwa bado anahangaika na njia ya mwili mzima. Picha ilipotoka aliiweka juu ya kioo chenye taa, akaitazama, akaenda kunywa maji, akarudi kuitazama tena. Michirizi ilikuwa ya namna mbili. Namba nyingi zilikuwa na mchoro mmoja, zikifanana kama nguo za jora moja. Namba zilizobaki, chache, zilikuwa na mchoro mwingine kabisa. Alimwita Lambert, akamwita na Serah, na Serah akafungua majina mbele yao wote.

Mchoro wa kwanza ulikuwa wa wagonjwa. Mchoro wa pili ulikuwa wa kuku wa Ibtisam, na ndani ya kundi hilo la kuku alikuwamo mgonjwa mmoja.

Lambert alizungusha kalamu vidoleni. "Vinasaba hujipangua," alisema. "Unalijua hilo. Kijidudu kikitoka kwa kuku kikaingia tumboni kwa mtu, kinaweza kujipanga upya na mchoro ukabadilika. Kitakuwa ni kilekile."

Halikuwa neno la mtu mjinga. Miska alikuwa ameliona likitokea kwa macho yake.

"Kimoja kinaweza," alisema. "Lakini hawa hawakai nyumba moja, hata mtaa mmoja si wao. Vijidudu vyao vyote vimejipangua kwa namna moja, wakati mmoja?"

"Basi rudia kwa kimeng'enya kingine."

Akarudia kwa kimeng'enya kingine, kinachokata mahali pengine. Matokeo yakawa yaleyale: wagonjwa huku, kuku na yule mgonjwa mmoja kule. Alimpelekea Lambert picha zote mbili, na safari hii alikaa.

"Ripoti imeshatoka na sahihi yangu, Miska," alisema Lambert.

"Nimeiona."

"Jiko limeshafungwa."

"Na hilo nimeliona. Nilikuwa mlangoni."

"Unataka nifanye nini?"

"Uandike nyingine."

Lambert aliivuta makala iliyokuwa mezani, akafungua kwenye jedwali kubwa. Alizungumza taratibu, kama mtu anayemwonea huruma mwenziwe. Alisema vijidudu vya harusi bado viko kwenye uchunguzi, kwa hiyo busara ni kuviacha nje ya jedwali. Bila ya hivyo, njia mbili zinakubaliana vizuri. Vikiingia, wasomaji watachanganyikiwa. Na halmashauri, alisema, iachiwe mahakama yake.

"Sitaviacha nje," alisema Miska.

"Makala ni ya kitengo, si yako."

"Basi kitengo kifanye picha zake. Hizi nimezifanya mie, na mie nasema zinaingia zote au haiingii hata moja. Umenipa kazi ya kulinganisha. Mahali pekee ambapo njia hizi zimegombana ndipo mtu amefungiwa mlango wake, na hapo ndipo unataka nifumbe macho."

"Hakuna aliyesema ufumbe macho."

"Umesema niviache nje." Sauti yake haikupanda. "Usipowaandikia halmashauri mpaka wiki kwisha, nitawaandikia mwenyewe."

"Hilo ni suala la nidhamu. Unalijua?"

"Nalijua. Niandikie na hilo."

Nje ya ofisi Serah alimshika mkono. Alikuwa amesikia kila kitu, maana ukuta wa Lambert ulikuwa wa mbao nyepesi. "Wee Miska, hawa watu watakufuta kazi. Na uko na mama mgonjwa."

"Mama huyohuyo ndiye aliyenilea hivi," alisema Miska.

Wiki ikesha, Lambert hakuandika. Miska akaandika, kurasa mbili, bila ya neno hata moja la lawama. Alieleza njia zote mbili, kila moja inaona nini na haioni nini. Alieleza kwamba aina ile ya mkia ni ya kawaida mno, wameikuta kwa kuku wa maduka mengi ya London, kwa hiyo kuwakuta watu na kuku wana mkia mmoja hakutoshi kumtia mtu hatiani. Akaeleza kwamba kwa mwili mzima, wagonjwa wote isipokuwa mmoja si wa kuku wale. Na huyo mmoja akamweka, kwa namba yake. Nakala moja aliiweka mezani kwa Lambert kwa mkono wake mwenyewe. Wiki iliyofuata akapewa onyo la maandishi na kuhamishiwa kitengo cha maji, ghorofa ya chini, ambako kazi ilikuwa kupima maji ya mabwawa ya kuogelea.

Alishuka na kikombe chake cha chai na kiti chake. Kiti kile alikuwa amekizoea.

Habari zilimfikia Ibtisam kupitia wakili wake, na Jumapili mchana akaja Kilburn kwenye fleti ya Miska amebeba sahani ya visheti. Bi Sheikha alikuwa ametoka hospitali, amekaa kwenye kochi na blanketi magotini. Ibtisam alimbusu mkono kama mkubwa wake, kisha akamgeukia Miska macho yakiwa yamejaa machozi.

"Umeniokoa, mdogo wangu. Mungu akulipe."

"Sijakuokoa, Da Ibtisam. Nimeandika nilichokiona. Yupo mgonjwa mmoja ambaye kijidudu chake ni cha kuku wako."

"Wakili ameniambia. Mmoja tu." Ibtisam aliketi, akaweka sahani. "Sasa huyo mmoja, kati ya watu wote wale, unamweka wa nini? Mtu mmoja anaweza kuambukizwa popote. Mwondoe, kesi ife."

"Namweka kwa sababu yupo."

"Miska. Wale Wazungu wako walitaka uwafiche wale wengi, ukakataa, na leo mji mzima unakusifu. Mie ni mtu wa kwenu. Nakuomba mmoja tu."

"Nimekataa kwao, nitakubali kwako?"

Ibtisam alikunja uso. "Kumbe wewe huna wako."

 Mgonjwa yule Miska alikuwa anamjua tangu Serah alipofungua majina, lakini siri ya mgonjwa si yake kuitoa, na alikuwa hajamwambia mtu, hata mwenyewe. Aliyejibu alikuwa Bi Sheikha.

"Huyo mgonjwa ni mie," alisema.

Wote wawili wakamgeukia.

"Msinitazame hivyo, sijarukwa na akili. Mie niliugua kabla ya wenzangu wote. Na mie peke yangu ndiye niliyekuja jikoni kwako, Ibtisam, kabla ya harusi, kukusaidia kuosha kuku. Hukumbuki? Nimesimama kwenye sinki, bomba limefunguliwa kwa nguvu, maji yananirukia mpaka usoni. Na wewe ukanipa kachori, nikazila palepale, mkono mmoja kuku mkono mmoja kachori."

"Bi Sheikha, kuku tunawaosha hivyo miaka yote," alisema Ibtisam kwa sauti ndogo.

"Na miaka yote watu wanaumwa matumbo tunasema ni jicho la hasidi." Bi Sheikha alivuta blanketi. "Miska, niandike. Taja na jina langu ukitaka. Nimetolewa nyumbani kwangu Unguja kwa bunduki, mtoto nimemshika mkono, nimekuja kuanza maisha kwenye nchi ya baridi. Nitaona haya kwa sababu ya kuku?"

Ibtisam aliinuka. Aliona kwamba jiko lake limesafishwa kwa upande mmoja na kuchafuliwa kwa upande mwingine, tena na watu waliokuwa wamekaa mbele yake. Aliondoka bila ya kuaga, sahani akaiacha.

Mahakamani mambo yalichukua muda wa asubuhi moja tu. Lambert aliitwa na halmashauri, Miska akaitwa na wakili wa Ibtisam. Mwanasheria wa halmashauri alikuwa kijana mkali aliyekuwa ameisoma barua ya Miska kwa makini.

"Wewe mwenyewe ulikuwa mgeni kwenye harusi hiyo?"

"Ndiyo. Na nilikula biriani sahani mbili."

"Na unatoka katika jamii moja na mshtakiwa."

"Ndiyo."

"Hakimu atajuaje kwamba hukumpendelea mtu wenu?"

"Mgonjwa mmoja aliyeugua kwa kuku wa jiko lile ni mama yangu," alisema Miska. "Amenipa ruhusa kulisema. Mshtakiwa aliniomba nisilitaje. Kama ningekuwa napendelea, hilo ningeliacha nyumbani." Alimtazama hakimu moja kwa moja. "Kwa mkia, wote ni wamoja. Kwa mwili mzima, si wamoja. Mkitaka kumhukumu mtu kwa mkia, mhukumuni, lakini msiseme maabara ndiyo iliyowaambia kwamba yatosha."

Baadaye wakili wa Ibtisam alimuuliza Lambert swali moja. Je, njia yake inaweza kusema ni wamoja na kumbe si wamoja? Lambert aliinamisha kichwa. Angeweza kuzungukazunguka, maneno alikuwa nayo. Akasema, "Inaweza. Na hapa nadhani ndivyo ilivyofanya."

Shtaka la harusi likafutwa. Ibtisam akaruhusiwa kufungua jiko kwa sharti la kuweka sinki ya pili na mbao mbali za kukatia kuku wabichi, na kuacha kabisa kuwaosha chini ya bomba.

Nje ya mahakama, Lambert alimfuata Miska kwenye ngazi. Hakuomba radhi. Aliuliza ile sharbati ya harusi, iliyotajwa kwenye maelezo ya wagonjwa, ilitengenezwa kwa maziwa gani. Miska alikumbuka chupa za kioo zilizopangwa mlangoni mwa ukumbi asubuhi ya harusi, zile anazoleta muuza maziwa, zenye vifuniko vya karatasi ya fedha. Lambert akamwambia kwamba mwezi wa Mei na Juni ndege hutoboa vifuniko vile kunywa malai yaliyo juu ya maziwa, na midomo yao ina kampilobakta. Miska alipouliza upande wa bwana harusi, shangazi mmoja alikiri kwamba baadhi ya vifuniko vilikuwa na matundu, nao wakadhani ni watoto. Lakini chupa zilikuwa zimeshaoshwa na kurudishwa zamani. Halikuthibitishwa, na Miska hakuwahi kulisema kama kwamba limethibitishwa, hata pale Ibtisam alipokuwa akilitangaza kila shughuli.

Karibu miaka mitano alipima maji ya mabwawa. Aliomba mara mbili kurudishwa juu, akakataliwa mara mbili. Makala ya Lambert ilitoka, jedwali likiwa kamili, vijidudu vya harusi vimo vyote, na jina la Miska limo, la mwisho. Neno la kuhitimisha lilisema njia ya mkia peke yake haitoshi watu wakiugua kwa pamoja. Miska alitaka liseme "haifai". Walibishania neno hilo kwa barua za ndani, ghorofa ya juu na ghorofa ya chini, mpaka Lambert akashinda, maana alikuwa mkuu. Alipostaafu, aliacha pendekezo kwamba Miska arudishwe kwenye kuku. Akarudi na kiti chake.

Ilikuwa tayari mwaka 2002, na njia mpya ilikuwa imefika, ya kusoma herufi zenyewe za vinasaba, jeni saba kutoka sehemu mbalimbali za mwili wa kijidudu, zile ambazo hazibadiliki ovyo kama mkia. Herufi hazihitaji mtu kukodoa macho kwenye picha, na mtu wa nchi nyingine akizisoma anapata jibu lilelile. Kitu cha kwanza alichokifanya Miska kilikuwa kufungua friza na kutoa vichupa vilimohifadhiwa vijidudu vya harusi.

Bi Sheikha alikuwa amefariki kipupwe kilichopita. Siku ya hitima Ibtisam alikuja bila ya kuitwa, akaingia jikoni na sufuria zake na wasichana wake wawili, akapikia watu wote. Kuku wabichi alikuja nao wameshatayarishwa, wamefungwa, na hakumruhusu mtu yeyote kuwagusa. Alimpa Miska mkono wa pole. Hawakuzungumza zaidi ya hapo, na tangu hapo wakawa wanasalimiana.

Kichupa cha Bi Sheikha kilikuwa na barafu pembeni. Miska alikigusisha waya wa maabara, akapaka kwenye sahani, akaiweka kwenye joto. Siku ya pili madoa ya kijivu yalikuwa yameota. Alikaa akiyatazama muda mrefu kuliko inavyohitajika kuyahesabu, mpaka Serah akaja akasimama nyuma yake, akamwekea mkono begani bila ya kuuliza.

Herufi zilisema kama ulivyosema mwili mzima. Wagonjwa wa harusi walikuwa ukoo mmoja, kuku na Bi Sheikha ukoo mwingine.

Mkuu mpya wa kitengo alifurahi, akaona hapo ndipo pa kufunga mambo. Akaagiza friza ya zamani itolewe, vijidudu viunguzwe. Herufi zikishaingia kwenye kompyuta, vijidudu vyenyewe vya nini? Alilisema hilo kwenye mkutano wa Jumatatu, mbele ya wote, na wengi wakaafiki, maana friza ilikuwa imejaa na nafasi ilikuwa finyu.

Miska aliinua mkono. Watu wakainama kumsikia.

"Tulipokuwa na njia ya mkia tulidhani imetosha," alisema. "Kama tungeunguza vijidudu wakati ule, leo tusingekuwa na cha kuulizia. Hii mpya nayo inasoma jeni saba. Kijidudu kina zaidi ya elfu."

"Tutaliangalia hilo siku za usoni," alisema mkuu mpya. "Lakini uamuzi umeshapita."

"Haujapita kwangu," alisema Miska.

Watu wa kubeba friza walipokuja, walimkuta amekiweka kiti chake mbele ya mlango wa friza, amekaa, anasoma. Alisema yuko radhi kubebwa pamoja nayo. Wakaenda kumwita mkuu, mkuu akaja, akazungumza, akaondoka. Akaja na mtu wa utumishi, wakazungumza, wakaondoka. Mchana Serah alimletea chai, na baada ya kumpa alivuta kiti cha pili, akakaa naye. Kabla ya kufunga kazi friza ikasukumwa, na vijidudu vyake ndani, mpaka chumba chenye meza zao, ikaunganishwa umeme ukutani jirani na meza ya Miska, iwe ni tabu yake mwenyewe. Tangu siku ile ilinguruma mchana kutwa. Wenzake wa meza za jirani walilalamika, na Miska akawaambia watazoea.